Namna ya Kuandika Maelezo ya Distrito ya Milimani ya Andes

Nilipowapa wanafunzi wangu hapa Dodoma kazi ya kueleza jiografia na watu wa distrito moja ya vijijini katika milima ya Andes nchini Peru, karibu wote waliteleza mahali pamoja: waliona neno distrito, wakalifanya wilaya, kisha wakailinganisha na Wilaya ya Chamwino. Peru imegawanywa katika mikoa, mikoa katika provincia, na provincia katika distrito zaidi ya 1,800, nyingi za milimani zikiwa na watu elfu chache tu. Kwa hiyo distrito inaikaribia kata yetu, na provincia ndiyo inayoikaribia wilaya. Thibitisha ngazi unayoizungumzia kabla hujaandika tarakimu yoyote.

Kisha shughulikia mwinuko, na hapa usiwe na haraka. Chukua ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, laza ukingo wa karatasi kutoka mto ulio chini kabisa bondeni hadi kilele kirefu zaidi, weka alama kila unapokutana na mstari, halafu zihamishie alama hizo kwenye karatasi ya grafu ili upate umbo la mteremko. Juu ya mchoro huo panga kanda alizozibainisha mwanajiografia wa Peru, Javier Pulgar Vidal: Quechua, kati ya mita 2,300 na 3,500, mahali pa mahindi, Suni, hadi mita 4,000 hivi, penye viazi na nafaka ya kinoa, na Puna, hadi mita 4,800, ambako kilimo hufifia na kuwaachia nafasi alpaka na lama, mifugo ya kule. Distrito moja yaweza kuwa na kanda zote tatu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, jambo analolijua kwa ngozi yake mtu aliyetoka Mpwapwa mjini akapanda safu ya Kiboriani.

Mvua haihitaji maelezo marefu, kwa sababu sehemu kubwa ya milima hiyo, kama Dodoma, ina msimu mmoja unaokolea kati ya Desemba na Machi. Tofauti iko Juni na Julai: kwetu ni kipupwe, kule ni jalidi, nayo wenyeji huitumia kukaushia viazi viwe chuño inayohifadhika kwa miaka. Mgogo anayeanika mlenda juani hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwa idadi ya watu, taja daima mwaka wa sensa. Msongamano hupatikana kwa kugawa watu kwa eneo: Mkoa wa Dodoma, wenye watu 3,085,625 mwaka 2022 na kilomita za mraba 41,311, una watu 75 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Katika Andes wastani huo hudanganya zaidi, maana watu hujikusanya bondeni na kuiacha Puna karibu tupu. Tenga basi maeneo hayo mawili ukiweza. Mwisho linganisha sensa ya 2007 na ya 2017, kipindi ambacho wakazi wa vijijini nchini Peru walishuka kutoka asilimia 24.1 hadi 20.7, kisha chora piramidi ya umri, yaani mchoro wa ngazi unaoonyesha idadi ya watu wa kila rika. Ikiwa imebonyea kati ya miaka 20 na 39, huku ngazi za wazee zikiwa pana, watafute vijana hao Lima na katika miji mingine.