`this` ya JavaScript inapotea ukipitisha metodi kama kolbaki: namna ya kuishika

Juzi usiku nilikuwa kwenye simu na dogo mmoja, duka lake la mtandaoni linaonyesha jumla ni `NaN` (yaani si namba) kila akibonyeza batani ya kuongeza, na konsoli haina kosa hata moja. Kashinda anakagua hesabu. Hesabu ziko sawa, kilichopotea ni `this`, neno linaloiambia metodi (fankisheni ya ndani ya kitu) inafanyia kazi kitu gani.

Hatua ya 1: angalia ulivyoipitisha

```
batani.addEventListener('click', kikapu.ongeza)
```

Hapo hujapeleka kikapu, umepeleka fankisheni peke yake, brauza iiite baadaye (ndo kolbaki hiyo). `this` inaamuliwa pale fankisheni inapoitwa. Ukiita mwenyewe `kikapu.ongeza()`, kilicho kabla ya nukta ndo `this`. Brauza ikiita, inaweka batani. Sasa batani haina `jumla`, kwa hiyo `this.jumla += 500` ni `undefined` jumlisha 500, unapata `NaN` kimyakimya.

Hatua ya 2: hakikisha

Weka `console.log(this)` mwanzo wa metodi. Konsoli ikionyesha batani badala ya kikapu, ndo tatizo lenyewe.

Hatua ya 3: funga

```
batani.addEventListener('click', () => kikapu.ongeza())
```

Mimi naanza na mshale (hiyo fankisheni yenye `=>`) siku zote, hata kwenye `setTimeout`, unasomeka vizuri. Ule ujanja wa zamani wa `const self = this` achana nao, mishale ipo tangu 2015.

Hatua ya 4: kama utaiondoa baadaye

Hapa tuliza akili, mimi palinila usiku mzima. Nilikuwa na kidirisha kinafunguka na kufungwa, kikifunguka naweka `kikapu.ongeza.bind(kikapu)` (`bind` inafunga `this` iwe kikapu), kikifungwa naita `removeEventListener` na maneno yaleyale, nikajua nimemaliza, kumbe `bind` kila ukiiita inakupa fankisheni mpya kabisa, kwa hiyo naomba iondolewe ambayo haijawahi kuwekwa na brauza hailalamiki, ile ya zamani inabaki palepale, nikifungua mara ya pili bonyezo moja linaongeza 1000, mara ya tatu 1500. Mshale ulioandikwa upya una shida hiyohiyo. Dawa ni kufunga mara moja tu, ndani ya klasi:

```
constructor() {
  this.jumla = 0
  this.ongeza = this.ongeza.bind(this)
}
```

Halafu kuweka na kuondoa kote unapeleka `kikapu.ongeza`, ni ileile moja, na hata ukiiweka mara mbili kwa bahati mbaya brauza inahesabu moja. Ila ikishafungwa imefungwa, ukiipiga `bind` tena na kikapu kingine bado itaongeza kwenye kile cha kwanza.