Kurekebisha shokapu za pikipiki kulingana na uzito inaobeba

Pikipiki nyingi za bodaboda zenye injini ya cc 100 hadi 150 huwa na shokapu mbili za nyuma, na kila moja ina pete ya chuma yenye ngazi, mara nyingi 5, inayoibana springi. Kukaza pete hiyo hakuifanyi springi yenyewe kuwa ngumu zaidi. Huinua tu sehemu ya nyuma, ili shokapu isimalize mwendo wake, yaani umbali inaoweza kubonyea, kwa kumbeba abiria na kukosa nafasi ya kumeza shimo au tuta. Jambo hili halieleweki vizuri, ndiyo maana wapo madereva wanaokaza hadi ngazi ya mwisho siku ile ile wanapokabidhiwa pikipiki, kisha wanaumwa mgongo kila wanaporudi bila abiria.

Kabla ya kushika spana, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa bado ya baridi, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi hurusha pikipiki vile vile.

Sasa isimamishe kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie, na upime kwa futi kamba kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoiweka wima juu yake kwenye bodi. Ishushe, mkae wewe na abiria, au ufunge mzigo wako wa kila siku, mtu mmoja aishikilie isiyumbe na mwingine apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ilichozama. Ikiwa kitabu cha pikipiki kinasema gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 100, kuzama kwa milimita 25 hadi 35 kunafaa. Ikizama zaidi, panda ngazi moja, na ikizama kidogo mno, shuka moja. Shokapu zote mbili ziwe kwenye ngazi ile ile, kwani zikitofautiana zinausokota mkono unaoshika gurudumu na kuchosha bushi zake, yaani vipande vya kwenye maungio yake. Ngazi ya mwisho isipotosha, mzigo umezidi uwezo wa springi, na kufunga vipande vya tyubu katikati yake, kama wengine wafanyavyo, ni kuizuia isifanye kazi.

Kandamiza kiti kwa nguvu kisha uachie. Pikipiki ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Ikidunda mara mbili au tatu, shokapu imechoka na haitatibiwa na ngazi yoyote.

Shokapu za mbele za pikipiki hizi kwa kawaida hazina ngazi, hivyo uwiano wake hutegemea mafuta yaliyo ndani: kila mguu wa shokapu upate aina na kiasi kile kile kilichotajwa kwenye kitabu. Ukiona unyevu wa mafuta kwenye bomba, badilisha sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, kabla hayajafika kwenye breki.

Ukishabadilisha ngazi, kagua ulegevu wa cheni na mwelekeo wa taa kubwa, kwa sababu sehemu ya nyuma ikishuka, mwanga hupanda na kuwapiga machoni wanaokuja mbele.