Kumaliza chaji ya Nissan Leaf bila kukwama: jaribio la Kisumu hadi Ahero

Nambari ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi ya Leaf, gari la umeme la Nissan, ni makisio. Inafuata jinsi gari lilivyoendeshwa muda mfupi uliopita: ukiteremka kutoka Kericho inapanda, ukikwama kwenye foleni ya Kondele na AC ikiwaka inaporomoka. Kwa gari lililokwisha kutumika Japani miaka kadhaa, njia ya kuaminika ni kujaza betri, kuitumia hadi karibu iishe, kisha kupiga hesabu. Takwimu hapa ni za Leaf yenye betri ya kWh 24 (kWh moja ni yuniti moja ya stima).

Hatua ya 1: Maandalizi

Tafuta kidude cha OBD2 cha Bluetooth (huchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari), simu yenye programu ya LeafSpy inayosoma hali ya betri kupitia kidude hicho, na multimita. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, pima betri ndogo ya volti 12. Ikisoma chini ya 12.4, ishughulikie kwanza, maana ikifa gari haliwaki wala halichaji, hata betri kubwa iwe imejaa.

Hakikisha stima ipo na mita ina tokeni. Kujaza betri iliyoisha hula kati ya yuniti 15 na 25, kutegemea afya yake.

Hatua ya 2: Jaza hadi mwisho

Panga chaji ikamilike karibu na saa ya kuondoka. Leaf haina mfumo wa kupoza betri, na betri iliyojaa kuachwa kwenye jua la Kisumu huizeesha. Kutoka LeafSpy andika GID (kipimo cha chaji iliyomo; kila moja ni kama Wh 80; betri mpya huwa na 281 hivi) na SOH (afya ya betri kwa asilimia), pamoja na kilomita ambazo gari limeshatembea.

Hatua ya 3: Endesha tambarare

Pita Nyamasaria hadi Ahero na kurudi, kama kilomita 50. Epuka mlima wa Riat na barabara ya Maseno, kwa sababu mwinuko utavuruga hesabu. Shika kilomita 60 kwa saa panaporuhusu. AC iwashe kama unavyoiwasha siku zote. Kuizima ili upate nambari ya kupendeza ni kujidanganya.

GID ikifika 80, uwe ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye soketi yako. Kuanzia hapo zunguka mtaani tu.

Hatua ya 4: Tazama seli

Hapa ndipo jaribio linapolipa. Onyo la kwanza huja GID ikiwa 49. Kwenye 24 huja la pili, na nambari ya kilomita hugeuka kuwa vistari. Kwenye LeafSpy fungua ukurasa wa seli wenye nguzo 96, kila nguzo ikionyesha volti za seli moja ya betri. Chaji ikiwa juu, nguzo zote huonekana sawa hata kama moja ni mgonjwa. Chaji ikishuka, ile dhaifu hujitokeza: nyingine ziko volti 3.5, yenyewe imezama 3.1, na ukikanyaga mafuta inazama zaidi. Gari husimama kwa kufuata seli dhaifu kuliko zote, hata kama zile 95 bado zina nguvu. Piga picha ya skrini uandike namba ya seli hiyo. Fundi anaweza kubadilisha moduli yake tu (kipande cha betri chenye seli hiyo), na huo ni mzigo mdogo kuliko betri nzima.

Hatua ya 5: Simama kwenye kobe

Alama ya kobe ikiwaka kwenye dashibodi, chaji imekaribia kwisha na gari hupunguziwa nguvu. Nenda moja kwa moja kwenye soketi. Usisubiri lijizime: likijizima, betri kubwa hukatwa na ile ndogo haichajiwi tena. Likijizima ukiwa barabarani, washa hazadi, weka gia ya N, lisukumwe pembeni. Libebwe juu ya lori, au magurudumu ya mbele yainuliwe, kwa sababu ndiyo yanayozungushwa na mota. Kulikokota yakiwa chini kunaweza kuharibu mota.

Chaji siku hiyo hiyo. Nissan yenyewe inaonya betri isiachwe karibu na sifuri zaidi ya siku 14. Soma kibandiko cha kebo ya kuchajia iliyokuja na gari kutoka Japani kama inakubali volti 240, na baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa moto usioshikika, katisha, kisha fundi wa stima akuvutie laini ya peke yake ya waya wa milimita 4 za mraba.

Hatua ya 6: Hesabu

Tumia mwanzo hadi onyo la pili, kwani kilichobaki chini yake ni akiba ya dharura. Mfano: GID 180 kutoa 24 ni 156, sawa na kWh 12.5. Ukitembea kilomita 85, ni kilomita 6.8 kwa kila kWh.

Sasa ulize kama gari hilo litafika Kericho, kama kilomita 80. Barabara yenyewe inataka kWh 11.8. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Kericho kama 2,000, na kuinua gari la kilo 1,600 kimo hicho ni karibu kWh 4 za ziada. Jumla ni karibu 16, na gari lina 12.5 tu. Halifiki bila kuchaji njiani.