Jinsi ya kuhesabu gharama ya kidonda kimoja cha mgandamizo wodini

Kidonda cha mgandamizo humpata mgonjwa anayelalia sehemu moja ya mwili muda mrefu, na godoro la hewa husaidia kukizuia. Ukiomba godoro hilo, utaulizwa bei yake. Hakuna atakayeuliza bei ya kidonda, kwa sababu haijaandikwa mahali pamoja. Chachi ziko kwenye daftari la stoo, antibayotiki ziko famasi, siku za kitanda ziko kwa wahasibu, na muda wa wauguzi hauko popote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na bei hiyo naikusanya mwenyewe, hivi.

Chagua mgonjwa mmoja mwenye kidonda cha daraja la tatu au la nne. Daraja la tatu ngozi yote imeliwa na mafuta yanaonekana. La nne limefika kwenye msuli, kano au mfupa. Andika tarehe kilipoonekana mara ya kwanza, na kama mgonjwa alikuja nacho au amekipatia mikononi mwetu. Usione haya kuandika ukweli huo. Kuna mahali una uzito wa fedha moja kwa moja: Marekani, tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, hailipi hospitali nyongeza kwa kidonda cha madaraja hayo kilichompata mgonjwa akiwa amelazwa.

Kisha shika saa. Wa kwanza kumhesabia alikuwa mzee aliyevunjika nyonga. Kidonda kilikuwa juu kidogo ya makalio, shimo la kuingia ngumi, na pembeni ngozi ilikuwa imeachana na nyama ikaacha pango. Mwenzangu alimshikilia ubavu. Mimi nilitoa chachi za zamu iliyopita moja moja huku nikihesabu kwa sauti, kumi na moja, maana ikisahaulika moja ndani inaozea humo. Mzee aliuma shuka, hakulia. Tukaosha kwa maji ya chumvi, tukajaza upya, tukafunika, tukabadilisha mashuka. Dakika 40, watu wawili: dakika 80. Mara mbili kwa siku ni 160. Kwa siku 30, saa 80 za kazi.

Hapo utaambiwa kwamba hata kumgeuza mgonjwa ili asipate kidonda kunakula muda. Ni kweli, nawe uhesabu. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, wauguzi wawili, dakika tano, ni saa 60 kwa mwezi. Lakini mwenye kidonda naye lazima ageuzwe vilevile. Kwa hiyo zile saa 80 zinakuja juu ya hizi 60. Hoja hii ndiyo iliyomnyamazisha mkuu wetu wa idara, na ndiyo ninayoitegemea kuliko nyingine zote.

Vifaa ni rahisi: hesabu chachi, glavu, maji ya chumvi na bandeji za siku tatu, tafuta wastani, zidisha. Ongeza vipimo vya damu, usaha uliopelekwa maabara, na kila safari ya chumba cha upasuaji. Maambukizi yakiingia kwenye mfupa, antibayotiki huweza kuendelea wiki sita au zaidi, usiyasahau. Ongeza na chakula cha protini, kwani kidonda hakifungi bila hicho.

Siku za kitanda ndizo wengi hukosea. Usihesabu siku zote alizolazwa. Muulize daktari, “Bila kidonda hiki, mgonjwa huyu angeruhusiwa lini?” Hesabu kuanzia siku hiyo. Mzee wangu nyonga ilikuwa tayari mapema. Kilichombakiza kitandani ni kile kidonda.

Ukitaka kujua hesabu hizi hufika wapi, mwaka 2010 Harold Brem na wenzake huko Marekani walichapisha gharama za wagonjwa 19 wenye vidonda vya daraja la nne. Kwa waliovipatia hospitalini, wastani ulikuwa dola 129,248 kwa kulazwa mara moja. Usiinakili namba hiyo kwenye ripoti yako, bei zao si zenu. Inakuonyesha tu kwamba jumla ikikushtua si lazima uwe umekosea.

Mshahara na kazi ambazo ndugu wamekosa kwa kuuguza, ziandike ukurasa wa pili. Hospitali haizilipi, ila kuna anayezilipa. Ukurasa wa kwanza weka jumla ya kidonda kimoja, na chini yake bei ya godoro la hewa uliloomba.