Kumwelekeza dawa mgonjwa asiyezoea Kiswahili

Bibi wa Newala au Tandahimba aliyekulia kwenye Kimakonde anaweza kuitikia kila unachosema dirisha la dawa, kisha akafika nyumbani akameza kinyume. "Ndiyo" yake mara nyingi ni heshima tu. Kwa hiyo usimuulize kama ameelewa. Mpe vidonge mkononi, umwambie: "Bibi, nionyeshe utakavyomeza leo, na kesho."

Kwanza ujue lugha yake. Masasi anaweza kuwa Mmakua au Myao, Ruangwa Mmwera, muulize, usikisie. Mkalimani awe muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anayeijua lugha hiyo. Mjukuu aliyemsindikiza anafaa kwa mambo mepesi tu. Mbele ya mjukuu wa kiume, bibi hatataja uchafu unaomtoka ukeni. Atasema "tumbo", nawe utampa dawa ya minyoo. Mjukuu asubiri nje, bibi ahudumiwe na mwanamke, aonyeshe kwa mkono panapouma.

Mkalimani akae ubavuni mwa mgonjwa, wewe umtazame mgonjwa. Sema jambo moja, tua. Bibi akieleza kwa kirefu ukaletewa maneno mawili, omba uambiwe yote.

Dawa mseto ya malaria (ALu) ndiyo inayokosewa sana. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara 6 kwa siku 3, na dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Akisikia "kutwa mara mbili" tu, dozi hiyo inapotea. Taja saa zenyewe: akianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, kesho na keshokutwa, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Usiandike "10:00" kwenye bahasha, atasoma saa kumi. Chora jua na mwezi, na vidonge vinne kando ya kila kimoja. Ameze na chakula chenye mafuta, hata karanga, dawa ifyonzwe vizuri. Na umwambie waziwazi: homa ikishuka kesho, vilivyobaki ni vyake, asimwekee mtoto, maana dozi ya mtoto hufuata uzito.

Ukimpa rufaa ya hospitali ya Ndanda au Ligula akasita, uliza nani nyumbani anatoa uamuzi. Kwa jamii hizi zinazofuata ukoo wa mama, huenda ni mjomba. Mpigie huyo mwamuzi simu, mgonjwa akiwa bado hapo, kwa ruhusa ya mgonjwa.