AC ya gari inapuliza joto: shika paipu kabla ya kununua gesi

AC ikiacha kupoza, neno la kwanza utakaloambiwa gereji ni gesi. Usikubali upesi. Washa injini, weka baridi ya mwisho, subiri dakika 5, kisha fungua boneti ushike paipu nene ya alumini inayoingia ndani ya gari. Jihadhari na feni na mikanda.

Paipu ikiwa baridi na inatoa jasho, gesi ipo. Mara nyingi kilichokwama ni kibao cha ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya hita na ya AC. Zungusha swichi ya joto taratibu huku ukisikiliza. Ikilia tak-tak-tak, aghlabu meno ya mota ya kibao yamekatika, badilisha mota. Kwa gari ambalo kibao huvutwa kwa waya badala ya mota, swichi ikizunguka nyepesi mno, waya umechomoka: sukuma kibao hadi mwisho wa baridi, geuza swichi baridi, ndipo ubane klipu.

Paipu ikiwa ya moto, tazama fyuzi na kompresa (pampu ya gesi), halafu kondensa, wavu wa kupozea gesi ulio mbele ya rejeta. Kwa magari yanayolala ufukweni, Nungwi au Makunduchi, chumvi huila kondensa ikavuja. Penye doa la mafuta ndipo pa kushuku; pazibwe kwanza, gesi (mara nyingi R134a) baadaye.