SOMO: Mashine ya kufulia imegoma kumwaga maji, pitia hapa kabla hujaita fundi

Jamani naandika mara moja tu, maana kila wiki mtu ananifuata inbox "mkuu mashine imejaa maji na mlango haufunguki". Naongelea zile za mlango wa mbele. LG itakuandikia OE, Samsung 5E au 5C, Bosch E18, yote maana yake maji hayatoki.

1. Zima, halafu chomoa kwenye soketi.

2. Cheki mpira wa kutolea maji huko nyuma, ukiisukumia mashine ukutani unajikunja.

3. Fungua kidirisha cha chini, mara nyingi kiko kulia. Ndani kuna filta ya kuzungusha.

4. HAPA TARATIBU. Mimi nilizungusha nikaichomoa yote kama kizibo cha dumu, na ndani kulikuwa na maji ya mashuka ya nyuzi 60. Yaliniunguza vidole, yakakimbia mpaka sebuleni ambako ekstensheni ya tivi ilikuwa imelala sakafuni na mimi niko peku, Mungu tu. Kwa hiyo subiri yapoe, nyanyua nyaya zote chini. Pembeni ya filta nyingi kuna kampira kembamba kenye kizibo, kavute, kingia trei (beseni haliingii pale), ziba, kamwage, rudi tena, utachoka ila ndiyo hivyo. Kama hakuna kampira, legeza filta kidogo tu yachuruzike, kaza, mwaga trei, legeza tena. USIICHOMOE mpaka maji yaishe.

5. Toa uchafu. Mimi nilikuta vibanio viwili, waya wa sidiria na nyuzi za khanga zimejisokota kama kamba ya kiatu.

6. Mulika tochi kwenye tundu, utaona kifeni. Kizungushe na kijiti. Kikienda kwa kushtukashtuka ni sawa, kuna sumaku, usikimbilie kununua pampu.

7. Rudisha filta ikae sawa kwenye meno yake, ikikaa upande itavuja. Kaza, washa kumwaga maji peke yake.

MASWALI

– Mkuu yangu haitoi maji nifanyaje?
Hatua ya 1 mpaka ya 7.

– Ni ndefu, nipe kwa kifupi.
Chomoa, mwaga, safisha filta. Ukitaka fupi kuliko hiyo, ita fundi.

– Yangu ya matenki mawili, filta siioni.
Nimeandika mlango wa mbele, juu kabisa pale.

– Wewe sio fundi, unawaharibia watu kazi.
Sijamkataza mtu kuita fundi. Ila mmoja alinichaji elfu 40 kutoa sarafu ya mia mbili, na sarafu akaondoka nayo.

– Nimesafisha filta, kifeni kinazunguka, pampu naisikia inaunguruma ila maji bado. Itakuwa bomba la ukutani?
Swali zuri hili, ndugu. Toa mwisho wa mpira ukutani, uingize kwenye ndoo, washa kumwaga. Yakija kwa nguvu, tatizo ni bomba la nyumba, mashine haina kosa. Ila ushike juu usawa wa kiuno, maana ukiulaza chini maji yatajitiririkia yenyewe hata pampu ikiwa imekufa, utajidanganya. Na yasipokuja kabisa, vua mpira wote uupitishie maji ya bomba, huenda umeziba katikati.

– Shikamoo kaka, niko Ujerumani, yangu ya vyombo, imefungwa juzi tu na maji yamebaki chini. Ni hivyo hivyo?
Marahaba dada. Inafanana. Chota maji na kikombe, toa filta ya chini, angalia kwenye pampu kama kuna kipande cha glasi, ila usiingize vidole hivi hivi, vaa glavu. Kwa vile ni mpya, mwambie aliyefunga akague pale mpira unapoingia kwenye bomba la sinki, kile kitundu huja kimezibwa na watu husahau kukitoboa.

– Dada hapo juu, mimi yalinikuta hayo hayo, walisahau kutoboa.

– Sidiria uwe unafulia kwenye kile kimfuko cha wavu, waya haufiki kwenye pampu.
Asante mama, hilo nilitakiwa kuliandika mimi.

– Mkuu nimefungua, nimetoa soksi ya mtoto!
Safi. Moja au zote mbili?

– Moja.
Rudisha tochi.